Nimeombwa nishike kanisa mwaka mmoja tu: nikalinde kiti au nikafanye kazi?

Swali la msomaji:

"Shalom mtumishi. Mimi ni mchungaji, nina miaka 59, nimehudumu karibu miaka 30 katika makanisa manne. Viongozi wangu wameniomba nishike kanisa moja kwa mwaka mmoja hivi wakati wanatafuta mchungaji wa kudumu. Aliyekuwepo kakaa hapo miaka 21 na sasa kastaafu, watu walimpenda mno, vijana aliowafundisha kipaimara kaja kuwafungisha ndoa yeye mwenyewe. Bado anaishi jirani na kanisa na bado anaitwa kwenye misiba. Kuna wazee wananiambia nisibadilishe chochote, nishike tu kiti. Wengine washaanza kuninong'oneza kwamba nikifanya vizuri niombe nafasi yenyewe. Na kuna kundi la tatu ambalo hata salamu yangu wanaipokea kwa shida. Mke wangu anauliza tunahama kwa ajili ya nini kama hatukai. Kazi hii ya ukaimu sijawahi kuifanya. Nikubali? Na nikikubali nifanyeje?"

Jibu:

Shalom mchungaji, na asante kwa kuandika kwa uwazi.

Naona umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba kazi hii ni kazi gani hasa, manake huku unaambiwa shika kiti, huku unaambiwa onyesha uwezo. La pili umeligusa kidogo ukapita, la kuomba nafasi au kutokuomba, na hilo ndo nataka tuanze nalo, kwa sababu ukikosea hapo, mengine yote hata uyafanye vizuri kiasi gani yatakuharibikia mkononi.

Jibu langu: usiwe mgombea. Na isiwe siri ya moyoni mwako, isemwe. Iandikwe kwenye mkataba, ielezwe kwenye kikao cha kwanza cha wazee, halafu kiongozi aliyekutuma aitamke mbele ya waumini wote Jumapili ya kwanza ukiwa umesimama pale pale, kwamba mchungaji huyu amekuja kwa kipindi cha mpito na hatakuwa kwenye orodha ya watakaofikiriwa.

Najua inasikika kali, hasa kwa mtu ambaye bado ana nguvu na ana miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Lakini angalia kinachotokea siku watu wakishajua unaitaka nafasi. Kila mahubiri yanageuka kuwa usaili. Ukimtembelea mgonjwa wa familia fulani watu wanahesabu kura. Ukikuta mahesabu ya mfuko wa ujenzi hayaeleweki, na mweka hazina ni mtu mwenye sauti kwenye kamati ya kutafuta mchungaji, utajikuta unapima kama useme au unyamaze, na hata ukisema kwa moyo safi kabisa watasema unasafisha njia yako. Kamati yenyewe inalegea, inaona mbona mtu tunaye, kwa nini tuhangaike, au inagawanyika vipande viwili kabla haijasoma hata barua moja ya mwombaji. Na lile kundi la tatu linalokusalimia kwa shida linapata uthibitisho wa kile walichokuwa wanakihofia toka mwanzo, kwamba umekuja kukalia kiti cha mzee wao. Nguvu ya mchungaji wa mpito yote iko kwenye kuondoka kwake. Yeye peke yake hapo kanisani hana cha kutafuta, kwa hiyo anaweza kuuliza maswali ambayo mchungaji wa kudumu hawezi kuyauliza mwaka wake wa kwanza, pengine hata wa tano.

Kwa haki nikupe na upande wa pili. Yapo makanisa yanayoruhusu kaimu aje kuwa mchungaji wa kudumu, na zipo hali ambazo hilo limeleta baraka, hasa makanisa madogo yasiyoweza kupata mwombaji mwingine. Kanisa la Presbiteri la Marekani kwa mfano lina utaratibu wa huduma ya muda isiyozidi miezi 12, inayoweza kuongezwa kwa idhini ya presbiteri, yaani baraza la makanisa ya eneo, na mtu wa muda akitakiwa awe mchungaji anayesimikwa, presbiteri ikiamua kulipokea hilo, lazima robo tatu ya wajumbe waliohudhuria na kupiga kura wakubali. Ona walivyouweka mlango, upo lakini mzito. Kama dhehebu lako lina mlango kama huo basi ujulikane mapema na ufunguliwe na wenye mamlaka, sio wazee wawili wanaokunong'oneza kwenye maegesho baada ya ibada. Ila wewe kwa maelezo yako, na huyo mtangulizi wa miaka 21, mimi ningeufunga.

Sasa kazi yenyewe. Usidhani ni kazi ya watu waliokosa pa kwenda. Soma Waraka kwa Tito, wengi tunaishia sura ya kwanza pale Paulo anaposema alimwacha Krete ayatengeneze yaliyopunguka na kuweka wazee katika kila mji, tunamchukulia Tito kama askofu wa kudumu wa kisiwa. Lakini nenda sura ya tatu mstari wa 12, Paulo anamwambia nitakapomtuma Artema kwako, au Tikiko, jitahidi kuja kwangu Nikopoli. Yaani Tito alikuwa anafanya kazi Krete akijua mwenzake anakuja kumpokea, na bado alipewa kazi nzito kuliko wengi wetu, kuweka viongozi na kuwanyamazisha waliokuwa wanapotosha nyumba nzima nzima. Hakuambiwa ashike kiti.

Katika karne ya nne yupo Gregori wa Nazianzo, mmoja wa mababa wa Kanisa, katika nchi tunayoiita Uturuki leo. Baba yake, aliyekuwa askofu wa mji huo, alipofariki mwaka 374, Gregori akaendelea kulihudumia kanisa lakini akakataa kutajwa kuwa askofu wake, na mwaka uliofuata akaondoka akaenda Seleukia. Alipojiuzulu uaskofu wa Konstantinopoli mwaka 381 akarudi, akalishika tena kanisa lile lile la nyumbani mpaka karibu na mwisho wa mwaka 383, ndugu yake Eulalio alipowekwa kuwa askofu. Mimi namheshimu sana mtu huyu lakini hadithi yake inanionyesha kitu: mara ya kwanza alikuwa wazi kwamba hakai, ila hapakuwa na utaratibu wowote wa nani anafuata na lini, akaondoka kanisa likabaki linaning'inia. Kusema "sikai" hakutoshi, lazima kuwe na tarehe na lazima kuwe na watu wanaotafuta.

Na Martin Luther, yule wa Matengenezo ya Kanisa kule Ujerumani. Mchungaji wa kanisa la mji wa Wittenberg hakuwa yeye, alikuwa Johannes Bugenhagen, toka 1523. Bugenhagen aliposafiri kwenda kupanga makanisa ya Braunschweig na Hamburg mwaka 1528 na 1529, kisha Lübeck toka 1530 hadi 1532, Luther ndo alimshikia mimbara, profesa anayejulikana Ulaya nzima akihubiria waumini wa mwenzake. Bugenhagen akarudi kwenye kazi yake na akabaki mchungaji wa mji ule mpaka alipofariki 1558. Sioni kama Luther alipungukiwa chochote.

Kwa hiyo huduma hii ni ya zamani, ila kuifanya kwa mpango na mafunzo ni jambo la juzi juzi. Padre mmoja wa Kiepiskopali (Waanglikana wa Marekani), Loren Mead, aliyeanzisha Alban Institute, taasisi ya kuyasaidia makanisa, mwaka 1974, ni kati ya watu walioanza kukiangalia kile kipindi cha katikati, toka mchungaji mmoja aondoke mpaka mwingine azoeleke, wakaona ni kipindi cha kazi. Mwaka 1981 ukaundwa mtandao wa wachungaji wa mpito huko huko, Interim Ministry Network, na ndani ya miaka hiyo yakatajwa mambo matano ambayo kanisa linatakiwa liyapitie: kupatana na historia yake, kujijua upya ni kanisa la namna gani, kupokea mabadiliko ya uongozi wa ndani, kutengeneza uhusiano wake na dhehebu, na kujiweka tayari kwa mchungaji mpya. Manne ya mwisho nitayapita haraka, mengi yatakuja yenyewe. La kwanza ndo litakalokula mwaka wako.

Wale wanaokwambia shika kiti tu usibadilishe chochote hawana nia mbaya, wanaogopa. Wanadhani kanisa likitulia tuli mwaka mzima litakuwa limepumzika. Haliendi hivyo. Watu wamefiwa, mchungaji, na marehemu yuko hai na wanamwona dukani. Hakuna aliyewaambia pole. Walifanyiwa sherehe, zikatolewa zawadi, wakapiga picha, Jumatatu wakaamka hawana mtu waliyemzoea miaka 21, mtu anayejua jina la mtoto wao aliyepotea na ugomvi wao na kaka yao. Huzuni ya namna hiyo isipopewa nafasi inageuka kuwa hasira, na hasira inamtafuta mtu wa kumwangukia, na mtu huyo ni yeyote anayefuata. Ndo maana yule anayeletwa moja kwa moja baada ya mchungaji mpendwa wa muda mrefu, bila kipindi cha katikati, mara nyingi hachukui muda. Anapimwa kwa kila kitu, sauti yake, mke wake, namna anavyoshika kitabu, na baada ya miaka miwili anaondoka ameumia na kanisa linasema hakufaa. Kumbe alikuwa mchungaji wa mpito bila yeye kujua na bila wao kukusudia. Bora kazi hiyo aifanye mtu aliyeijua toka mwanzo na ambaye hayuko hapo kupendwa.

Basi wale wasiokusalimia vizuri usiwahesabu kama maadui. Usiwafuate na maneno mengi pia. Watembelee, kaa, uliza swali moja: mchungaji wetu alikufanyia nini ambacho hutakisahau? Halafu nyamaza usikilize, usilinganishe, usiongeze hadithi yako. Utashangaa mama ambaye hajakutazama usoni wiki sita anaanza kulia na kueleza usiku ule hospitalini. Ukitoka pale hujageuka kuwa mzee wao, ila umekuwa mtu anayeweza kumheshimu mzee wao, na hapo ndo mlango unapofunguka.

Halafu fanyeni kazi ya historia kwa pamoja. Mimi napenda njia hii, ni rahisi na haina gharama. Bandika karatasi ndefu ukutani ukumbini, chora mstari toka mwaka kanisa lilipoanzishwa mpaka leo, wape watu kalamu baada ya ibada waandike wanachokumbuka, kila mmoja kwenye mwaka wake. Watajaza haraka sana, mwaka wa kuweka jiwe la msingi, mwaka wa ubatizo mkubwa, mwaka kwaya iliposhinda, mwaka yule mzee mwanzilishi alipozikwa. Wewe simama pembeni uangalie mahali ambapo hapaandikwi. Karibu kila kanisa la zamani lina kipande cha mstari kinachobaki kitupu, miaka miwili au mitatu ambayo kila anayefika pale na kalamu anaruka. Hapo kuna kitu, kundi lililohama, msaidizi aliyeondolewa usiku, fedha za kiwanja, binti aliyenyamazishwa. Usikichokonoe siku hiyo mbele za watu. Andika pembeni, kisha waulize wazee mmoja mmoja kwa utulivu, nini kilitokea hapa? Mara nyingi jambo ambalo halisemwi ndo linaloendesha maamuzi ya kanisa mpaka leo, kwa mfano mbona hakuna msaidizi anayedumu, au kwa nini vijana hawapewi funguo. Ni kama kidonda kilichofungwa juu bila kuoshwa, mchungaji mpya akikigusa kwa bahati mbaya mwezi wake wa tatu watu wanaruka na yeye hajui kagusa nini.

Tahadhari sasa, kuna kosa la upande wa pili na watu wenye uzoefu kama wako ndo tunaloliangukia. Unaona udhaifu, una miezi 12, unataka ubadilishe kila kitu. Hapana. Kanisa Katoliki lina kanuni ya zamani kwa jimbo lisilo na askofu, kanuni ya 428 ya sheria ya Kanisa hilo ya mwaka 1983, kwamba kiti kikiwa wazi pasibadilishwe kitu; na msimamizi wa parokia kwa kanuni ya 540 ana wajibu na haki zile zile za paroko isipokuwa askofu aamue vingine, haruhusiwi kufanya jambo litakaloumiza haki za paroko au mali ya parokia, na akimaliza lazima atoe hesabu. Hata kama wewe si Mkatoliki, hekima hiyo ichukue, ila uitumie kwa akili. Saa za ibada, mpangilio wa viti, nyimbo, majoho, jina la idara ya akina mama, hayo yaache kabisa, ni ya mchungaji anayekuja na watu wake. Lakini kuna mambo hayasubiri hata wiki mbili: nani anasaini hundi na kama ni mtu mmoja peke yake, nani ana funguo, sadaka inahesabiwa na wangapi, mihutasari ya vikao iko wapi, hati za mali ziko kwa nani, na watoto wa shule ya Jumapili wanaachwa na mtu mzima mmoja chumbani au wawili. Hayo yanalinda watu na mali, rekebisha mara moja kwa idhini ya wazee na usione haya.

Mtangulizi wako nimemweka peke yake kwa sababu ndo jambo litakalokupa shida zaidi, na kwa sababu anastahili heshima. Mtembelee wiki ya kwanza kabla hujafika popote, nenda wewe kwake, usimwite ofisini ambayo jana ilikuwa yake. Mwulize habari za wagonjwa, mwombe akuombee, halafu mzungumzie misiba waziwazi, mkiwa wawili. Usipoongea mapema itatokea hivi: saa nne usiku mtu kafiwa, anampigia yeye, yeye kwa upendo anakwenda, asubuhi wewe unafika msibani unakuta sala zishafanyika na ratiba ya maziko ishapangwa na jina lake liko pale. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, na bado umeshaondolewa kwenye uchungaji wa familia ile, na mchungaji mpya naye atakuta desturi imeshakaa.

Mkubaliane sentensi ambayo yeye mwenyewe ataisema kwenye simu, kitu kama: "Pole sana mwanangu, nalia pamoja nanyi, na nitakuja kukaa nanyi kama rafiki, ila mchungaji wako ni fulani, mpigie sasa hivi." Yeye akiisema mara tatu nne kanisa zima litajua. Wewe kwa upande wako uwe mwepesi kumwalika, familia ikiomba asome somo au aseme neno la kumbukumbu, wewe ndo umwite, na watu waone wewe ndo umemwita. Mwombe pia apumzike kuhudhuria ibada hapo kwa muda, mwaka mmoja hivi mpaka mpya azoeleke, na hili lisitoke kinywani mwako peke yako, askofu au mwangalizi wenu aliseme na liandikwe. Akikataa kabisa usipigane naye. Rudisha kwa waliokutuma, ni kazi yao, na ukiifanya wewe utaonekana mgeni anayemfukuza baba kwenye nyumba yake.

Kuhusu kunong'onezwa, elewa kinachoendelea. Rabi mmoja Mmarekani aliyekuwa pia mtaalamu wa tiba ya familia, Edwin Friedman, alichukua mawazo ya daktari Murray Bowen kuhusu familia akaonyesha kwamba yanafanya kazi kwenye makanisa na masinagogi vilevile. Watu wawili wakiwa na wasiwasi kati yao, badala ya kuambiana wanamvuta wa tatu, anabeba yeye mzigo, wao wanapumua. Wewe mgeni ndo wa tatu anayefaa kuliko wote. Mzee A anakuja kukwambia habari za mzee B "kwa ajili ya maombi tu", kesho B anakuja na za A, na ukishakubali kubeba siri zao usiku usingizi utakuwa haba na mchana hakuna litakalokuwa limesogea. Jibu ni lile lile kwa kila mtu, bila kukasirika: hilo umeshamwambia mwenyewe? Kama unaogopa twende wote wawili, mimi nitakaa pale. Na anayesema "watu wanasema" mwulize ni nani, asipotaja mwambie kwa upole kwamba jambo lisilo na jina huwezi kulipeleka kwenye kikao. Wiki za kwanza watakuona mgumu. Baadaye wanaanza kuambiana wenyewe, na hiyo ni kazi kubwa ya uchungaji kuliko mahubiri mengi.

Je ukubali? Jiulize kwanza umetokaje kwenye kanisa lako la mwisho. Kama ulitoka na jeraha na bado unalisimulia kila ukikaa na wachungaji wenzako, kataa kwa sasa, manake utakwenda kuwatibu wengine kwa dawa unayoihitaji mwenyewe. Jiulize pia kama unaweza kupanda kitu ambacho sherehe yake utaikosa. Miaka 30 ya uchungaji inatuzoesha kuhitajika, kuitwa jina letu mtu anapokata roho, na kwenye ukaimu unafanya kazi ya kuwafanya watu wasikuhitaji. Wapo watumishi wazuri sana ambao hawawezi hilo, na si dhambi. Na kama viongozi wako hawataki kuandika mamlaka yako, wanakwambia "nenda tu utaona huko huko", au wanakwepa ukiuliza maswali ya fedha, usiende mpaka wajibu.

Mkataba uandikwe: tarehe ya kuanza na ya kuisha, utaongezwa kwa utaratibu gani, notisi ni muda gani kwa pande zote mbili, unawajibika kwa nani, mshahara, nyumba, matibabu, michango ya pensheni iendelee bila kukatika, likizo, na mambo gani unaruhusiwa kuyagusa. Kamati ya kutafuta mchungaji usikae ndani yake, usipendekeze jina, hata la rafiki yako unayemwamini. Na wakishampata, msikae wawili kanisani zaidi ya siku za makabidhiano.

Swali la mke wako ni swali halali kabisa na sipendi lijibiwe kwa mstari wa Biblia. Huyu ni mtu aliyeshahama mara kadhaa kwa ajili ya wito wako, akaacha marafiki na pengine kazi. Si lazima mhame. Wachungaji wengi wa mpito wanabaki na makazi yao na kwenda kwenye kanisa siku tatu au nne za wiki, kanisa linawapa chumba, na mkataba unasema hivyo wazi. Ubaya wake ni kwamba misiba ya katikati ya wiki itakutafuta, na nyie wawili mtakuwa mbalimbali, kwa hiyo pimeni. Kabla hujasaini kaeni wote wawili na anayekutuma, mke wako mwenyewe aulize anachotaka, asikie majibu kwa masikio yake.

Kuna mambo ukiyakuta usiyashughulikie kwa kusoma majibu ya mtu kama mimi. Tuhuma ya mtoto kudhuriwa au mtu kunyanyaswa kingono, hata kama ni ya zamani, usiichunguze wewe na usiipatanishe ndani ya kikao: mlinde aliyesema, ripoti kwa vyombo vya dola kama sheria ya hapo inavyotaka, na mjulishe kiongozi wako siku hiyo hiyo. Fedha zilizopotea zinataka mkaguzi wa nje. Kesi ya mali au kiwanja inataka wakili. Kanisa lililofika kupigana au kufungiana milango linataka mpatanishi aliyefunzwa, asiyetoka hapo. Na wewe mwenyewe usiende bila mtu wako wa pembeni, mchungaji mwenzako wa nje ya eneo hilo au mshauri wa kitaalamu, mnayekutana walau mara moja kwa mwezi, na ukianza kukosa usingizi wiki hadi wiki, au presha ikapanda, au ukajikuta huwezi kuomba wala kufurahia kitu, nenda kwa daktari mapema.

Mwezi wa mwisho uandikie faili la makabidhiano: wagonjwa na wazee wa kutembelewa, ndoa zilizo kwenye mafundisho, ahadi ulizotoa, mambo ya fedha yaliyobaki, na yale mliyoyapata kwenye ule mstari wa historia, kwa lugha ya haki isiyomchafua mtu. Maoni yako kuhusu nani mzuri na nani mgumu usiyaandike, mwenzako ana haki ya kukutana na watu upya. Aga kanisani waziwazi, waambie kuanzia kesho mimi si mchungaji wenu, muombeeni anayekuja, na umtaje kwa jina. Ukipigiwa simu ya msiba baada ya hapo, sema ile sentensi uliyomwomba mtangulizi wako aiseme.